Wakongwe na Chipukizi: Nani Acheze?

Tangu shule ilipofunguliwa mwezi Januari pamekuwa na mabishano makubwa juu ya timu yetu ya mpira. Watu wabishana bwenini, wabishana wakisubiri ugali, na hata darasani mwalimu akichelewa kidogo wabishana. Nimeona yafaa niandike rai yangu katika gazeti letu, ili walimu na wazazi waisome, na wale tuliobishana kwa sauti kubwa wapate kuipima kwa utulivu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana, katika wachezaji 11 wa timu ya shule, 9 walikuwa wa Kidato cha Nne. Timu ilikuwa nzuri, hapana anayekana. Katika mashindano ya UMISSETA ilifika fainali ya halmashauri, na wengi wetu tulipoteza sauti kwa kushangilia. Lakini mwezi Novemba ndugu zetu wale wakafanya mtihani wa taifa, wakafunga masanduku, wakaenda kupanda mabasi pale njia panda ya Chalinze, huyu kuelekea Dar es Salaam, huyu Morogoro, huyu Segera na Tanga. Shule ilipofunguliwa, waliobaki katika timu walikuwa 2 tu. Mchezo wa kwanza wa kirafiki tukafungwa mabao 6 bila kujibu hata moja, na timu iliyotufunga mwaka jana tuliifunga sisi.

Basi hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kundi la kwanza lasema: mwaka huu Kidato cha Nne wasiguse mpira kabisa. Wapewe nafasi wadogo wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, tujenge timu ya kukaa miaka mitatu. Kundi la pili lasema: la, wakubwa ndio wenye nguvu na akili ya mchezo, wadogo wangoje zamu yao kama wengine walivyongoja. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na nacheza hafu wa kushoto. Sipendelei upande wowote wa hao wawili, ingawa na mimi nimo katika wanaogombea nafasi. Kwa hiyo msomaji na apime maneno yangu mwenyewe.

Rai yangu ni kwamba makundi yote mawili yamekosea kwa namna moja. Yote mawili yaona wakubwa na wadogo kama watu wa kupokezana zamu, mmoja akitoka ndipo mwingine aingie. Mimi nasema wakubwa na wadogo sharti wacheze pamoja, katika mchezo mmoja, saa moja, kwa sababu iko elimu ya mpira ambayo haipokelewi kwa njia nyingine. Mkubwa akiondoka kabla mdogo hajacheza pembeni yake, elimu ile yaondoka naye ndani ya basi.

Elimu hiyo ni ipi? Si kupiga danadana, wala si kukimbia. Hayo mtu aweza kujifunza peke yake nyuma ya bweni. Nasema juu ya mambo kama kujua wakati wa kuutuliza mchezo mnapoongoza kwa bao moja. Kujua kwamba fowadi wa upande wa pili amechoka na sasa acheza kwa hasira. Kujua kumwita beki wako arudi kabla hatari haijaonekana na mtu mwingine. Mambo haya mwalimu aweza kuyaandika ubaoni, nasi tukayanakili vizuri, na bado siku ya mchezo tusiyafanye. Huingia kichwani pale mtu aliye karibu nawe anapokupigia kelele, "Tulia! Rudisha nyuma!" nawe ukatii, ukaona faida yake palepale.

Watu wa Bagamoyo, jirani zetu wa pwani, wameunda na kuendesha vyombo vya baharini tangu zamani. Baharia kijana hujifunza bahari akiwa ndani ya chombo, huku nahodha ameshika usukani. Hapana chombo kinachotweka tanga kikiwa na mabaharia wageni watupu, wala hapana chombo kinachodumu kikiwa na wazee watupu.

Nitaleta mfano wa mtu mmoja ambaye habari zake zajulikana nchi nzima, naye ni mlinda mlango Juma Kaseja, aliyezaliwa mwaka 1985. Mwaka 2003 klabu ya Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa bingwa wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 kule Cairo, na mchezo ukaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Aliyesimama golini mwa Simba mbele ya watu wa Cairo alikuwa Kaseja, kijana wa miaka 18. Simba ikashinda, na bingwa akatolewa. Kama pale Simba pangalikuwa na sheria ya kwamba wadogo wangoje zamu yao, kijana yule asingalisafiri.

Sasa tazama mwaka 2019. Kaseja amekuwa na miaka 34, na ipo miaka katikati ambayo aliachwa nje ya timu ya taifa, na wengi walidhani habari zake zimekwisha. Akaitwa tena Taifa Stars. Mwezi Agosti mwaka ule timu yetu ilicheza na Kenya mjini Nairobi kutafuta nafasi ya mashindano ya CHAN, ikashinda kwa penalti 4-1. Mwezi Septemba ikacheza na Burundi katika safari ya kutafuta Kombe la Dunia, ikashinda tena kwa penalti. Mara zote mbili golini alikuwa Kaseja. Kama pangalikuwa na sheria ya kwamba wakongwe wote waondoke, nani angalisimama pale? Tena haikuwa kwamba mkongwe alimfungia mdogo mlango. Aishi Manula, aliye mdogo kwake kwa miaka kumi, alirudi golini baadaye, naye ndiye aliyedaka katika fainali za Afrika zilizochezwa Côte d'Ivoire mwezi Januari 2024. Mtu yule yule mmoja, basi, alikuwa hoja ya chipukizi mwaka 2003 na hoja ya wakongwe mwaka 2019. Katika miaka yote miwili swali lilikuwa moja tu: je, ataweza kazi ya leo?

Tukiitazama Taifa Stars yenyewe tutaona jambo hili kwa upana zaidi. Mwaka 1979, kule Ndola, bao la Peter Tino dhidi ya Zambia liliipeleka Tanzania katika fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nazo zikachezwa Nigeria mwaka 1980. Kikosi kile, ambacho ndani yake alikuwamo Leodegar Tenga, hutajwa kwa heshima mpaka leo. Baada ya hapo tulingoja miaka 39, mpaka mwaka 2019 kule Misri. Sababu za kungoja huko ni nyingi, wala sisemi kwamba ni umri wa wachezaji peke yake. Lakini tazama hasara yake: wale waliojua fainali za Afrika zina ladha gani walistaafu wote, wakazeeka, na hapana hata mmoja aliyevaa jezi pamoja na vijana wa mwaka 2019 ili awaambie uwanjani, "Msiogope, na mimi niliogopa hivyo hivyo." Vijana wale wakaanza moja. Wakafungwa michezo yote mitatu, na Senegal 2-0, na Kenya 3-2, na Algeria 3-0.

Ila safari hii daraja halikukatika. Mabao yale mawili dhidi ya Kenya yalifungwa na Simon Msuva na Mbwana Samatta. Katika fainali za Côte d'Ivoire, Msuva akafunga tena dhidi ya Zambia, tukatoka sare 1-1, na na Kongo tukatoka sare 0-0. Mwezi Desemba 2025, kule Morocco, Msuva akiwa na miaka 32 akafunga dhidi ya Uganda, ikawa 1-1. Siku tatu baadaye Feisal Salum, aliye mdogo kwake kwa miaka minne hivi, akafunga dhidi ya Tunisia, ikawa 1-1 tena. Kwa pointi hizo mbili Tanzania ikaingia katika timu 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake, na wenyeji Morocco wakatutoa kwa bao 1-0 tu mwezi Januari 2026. Sasa hesabu: mwaka 2019 pointi 0, mwaka 2024 pointi 2 na kurudi nyumbani, mwaka 2025 pointi 2 na kuvuka. Hapana muujiza hapa. Panda moja, panda jingine, na siku zote walikuwapo watu waliokwisha kupita njia ile wakiwashika mkono wageni.

Naye Samatta mwenyewe hakulelewa na vijana wenzake peke yao. Alipokwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 alikuwa kijana mdogo. Mwaka 2015 Mazembe ilipotwaa ubingwa wa Afrika, Samatta alikuwa na miaka 22, na katika kikosi kile kile alikuwamo mlinda mlango Robert Kidiaba, aliyezaliwa mwaka 1976. Hesabu mwenyewe tofauti ya miaka yao.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawatetea wakongwe bila kipimo. Najua ubaya wao pia. Wako wachezaji ambao jina limebaki na miguu imekwenda. Wapangwa kwa sababu mwaka juzi walifunga mabao mazuri, au kwa sababu ni rafiki za kapteni. Mazoezini hawaji, na wakija hufika watu wakivua viatu. Mdogo akikosea pasi humtukana. Wao wakikosea husema uwanja una mashimo. Mkongwe wa namna hiyo hafundishi kitu ila kiburi, na nafasi anayoikalia ni mali ya mwingine. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Na mdogo aliyekaa benchi miaka mitatu akingoja heshima za mwingine ziishe, moshi wake umekwenda bure.

Wala wadogo nao wasifanywe malaika. Wana mbio, wana pumzi, na hawajui kuogopa, maana hawajaumia bado. Lakini mwezi Aprili 2019, mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 yalipochezwa Dar es Salaam, Serengeti Boys wetu walifunga mabao 4 dhidi ya Nigeria katika mchezo wa kwanza, na bado wakashindwa, 5-4. Timu inayofunga mabao 4 haina upungufu wa vipaji. Ilikosa utulivu wa kuyalinda, na utulivu ndio mali ya mtu mzima. Mashindano yale hayakuruhusu mtu mzima kuwamo, kwa hiyo hatuwalaumu. Sisi shuleni twaruhusiwa kuchanganya. Kwa nini tujinyime wenyewe?

Labda msomaji atauliza: tuwachanganye kwa namna gani? Maana kusema "changanya" ni rahisi. Nami naona yako mambo matatu ya kutazama.

La kwanza ni nafasi ya mchezaji. Umri na ukubwa havina uzito mmoja kila mahali uwanjani. Mlinda mlango na beki wa kati hutegemea macho, sauti na kujipanga. Huko mkongwe hudumu. Winga hutegemea mbio, na mbio ndizo za kwanza kupungua. Timu yenye busara huweka watu wazima katika uti wa mgongo, yaani golini, beki wa kati na kiungo, na huwaachia vijana pembeni na mbele, mahali ambapo kosa moja haliangushi nyumba nzima.

La pili ni muda. Si lazima kila mtu acheze dakika 90. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1990 kule Italia, Roger Milla wa Kamerun alikuwa na miaka 38. Kama angalipangwa tangu mwanzo kila siku, labda jua na mbio vingalimmaliza. Kocha wake alimwingiza kipindi cha pili, mabeki wakiwa wamechoka, naye akafunga mabao 4, mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Kolombia. Kamerun ikafika robo fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Na siku hizi jambo hili limekuwa jepesi zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2022 sheria za mpira zimethibitisha kwamba timu yaweza kubadilisha wachezaji mpaka 5. Sisi tunaocheza katika joto la Chalinze, uwanja ukitimka vumbi, twajua dakika 30 za mwisho zilivyo. Ajabu ni kwamba mwaka jana, michezo mingi tuliimaliza tukiwa tumebadilisha mtu 1 au hatukubadilisha kabisa.

La tatu ni kazi ya mkongwe. Mkubwa asihesabiwe kwa mabao yake peke yake. Aulizwe pia: umemfundisha nani? Katika timu ya wakati wowote mtu aweza kuondoka kwa kuumia, kwa kuhama au kwa uzee. Lakini katika timu ya shule siku ya kuondoka yajulikana tangu siku ya kuingia. Kidato cha Nne wataondoka Novemba, mvua inyeshe isinyeshe. Klabu kubwa zaweza kusema zimeshtukizwa. Sisi hatuna udhuru huo hata siku moja.

Najua wako wazazi watakaosema, "Mtoto wangu yuko Kidato cha Nne, nimemleta asome, mpira utamharibia mtihani." Kwa heshima zote, baba zetu na mama zetu wana haki ya kuliogopa jambo hili, maana karo ya mtihani ule ni jasho lao la miaka minne, la mananasi ya Kiwangwa na la mifugo na la biashara ndogo za kando ya barabara. Lakini mpango ninaoutaka mimi ndio unaowapunguzia mzigo wakubwa. Mwaka jana, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwapokea, wale 9 walicheza kila mchezo mpaka mwisho. Kama kila mmoja angalikuwa na mdogo aliye tayari, angalicheza nusu ya mchezo, na baada ya mashindano angaliacha jezi na kwenda kwenye vitabu vyake bila wasiwasi.

Na kwa wale wasemao kwamba kuwapanga wadogo ni kulitupa kombe la mwaka huu, nawajibu kwa methali ya wazee: usiache mbachao kwa msala upitao. Kombe la mwaka mmoja ni msala upitao. Laja na kwenda na watu wake. Timu ya shule ndiyo mbacha wetu, twaukalia kila mwaka. Hata hivyo siamini kwamba tutalipoteza kombe kwa kuwapanga vijana wanne waliofundishwa vizuri. Twaweza kulipoteza kwa kuwapanga wakubwa watano waliochoka.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mwalimu wetu wa michezo na kamati yake wayafikirie mapendekezo haya.

Kwanza, katika kila mchezo, wachezaji wasiopungua 4 katika 11 watoke Kidato cha Kwanza na cha Pili, na wasiopungua 4 watoke Kidato cha Nne. Nafasi 3 zilizobaki ziende kwa yeyote anayestahili.

Pili, kila mchezaji wa Kidato cha Nne apewe mdogo mmoja wa nafasi yake, wafanye mazoezi pamoja, na mkubwa aulizwe maendeleo ya mdogo wake kila mwisho wa mwezi.

Tatu, mtu asiyehudhuria mazoezi asipangwe, hata jina lake likiwa limechorwa kwenye mti wa uwanjani.

Nne, mara UMISSETA ikiisha, ukapteni uhamie Kidato cha Tatu, wakati wakubwa wangali shuleni. Kapteni mpya akikosea, atakuwapo wa kumwambia. Akianza Januari peke yake, hapana wa kumwambia.

Tano, haya yote yawahusu pia dada zetu wa timu ya wasichana, ambao hasara yao ya Januari ilikuwa kama yetu, ingawa watu wachache waliisemea.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga ni matatu: wakubwa, wa kati na wadogo. Mwaka jana tulipika juu ya figa moja, chungu kikasimama kwa sababu lilikuwa kubwa. Lilipoondoka, chakula chote kikamwagika. Mwaka huu bado kuna nafasi ya kuyapanga mafiga vizuri, kwa kuwa ndugu zetu wa Kidato cha Nne wako nasi mpaka Novemba. Tusiwafukuze uwanjani, wala tusiwaachie uwanja wote.

Hiyo ndiyo rai yangu. Mwenye rai nyingine, awe mwalimu, mzazi au mwanafunzi, na ailete katika toleo la muhula ujao, tuisome wote. Mazoezi ni saa kumi jioni. Wakubwa na wadogo, karibuni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Hafu wa kushoto.